Tulipu: Ua lisilochanua vizuri mpaka lipigwe baridi

Kila Februari, kuelekea Siku ya Wapendanao, maduka ya maua Ulaya hujaa tulipu. Nje bado ni baridi kali, na shambani ua hili huchanua majira ya kuchipua, Aprili hivi. Sasa hayo ya Februari yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye vyumba vya baridi. Wakulima, hasa wa Uholanzi, huyapitisha matunguu ya tulipu kwenye baridi ya mashine ili yadhani majira ya baridi yameshapita.

Ua limo ndani tayari

Tulipu huota kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu maji. Ukilipasua mwishoni mwa kiangazi cha huko, katikati utakuta kiua kidogo kimeshakamilika, petali na vyote. Kiua hicho hujiunda kwenye joto la nyuzi 17 hadi 20 za Selsiasi. Kwa hiyo baridi haiumbi ua. Kazi yake ni kuliandaa litoke.

Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, kwenye theluji na baridi ndefu. Tunguu likichipua mapema mno, baridi italiua. Ndiyo maana husubiri mpaka lipate baridi ya kutosha.

Baridi inafanya nini?

Ndani ya tunguu, wanga hugeuka sukari, na hicho ndicho chakula cha kukua haraka. Pia baridi huliandaa bua liweze kurefuka, kazi inayohusisha homoni za mmea.

Kwa kawaida zinahitajika wiki 12 hadi 16 kwenye nyuzi 2 hadi 9, kutegemea aina. Hapo ndipo mkulima hupata faida au hasara:

- Baridi ikipungua: bua linakuwa fupi, ua linachelewa, au linakauka likiwa bado kichomozo.
- Baridi ikizidi: bua linarefuka kupita kiasi, linalegea na kuinama.

Ua la namna hiyo halina soko.

Hesabu ya kurudi nyuma

Likitoka kwenye baridi, tunguu lenye mizizi huingizwa kwenye kitalu nyumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 18, na ndani ya wiki tatu au nne hivi linatoa ua. Kwa hiyo anayelenga Februari 14 lazima aanze kupoza matunguu yake mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Akichelewa wiki tatu, hawezi kufidia kwa kuongeza joto.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Kwenye miji ya joto kama Dar es Salaam au Mombasa, tunguu lisilopozwa mara nyingi hutoa majani tu. Friji inaweza kusaidia: weka matunguu kwenye mfuko wa karatasi, sehemu ya kawaida, siyo kwenye friza.

Angalizo moja: usiyachanganye na ndizi wala matufaha. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huua kile kiua kilichomo ndani. Utasubiri miezi mitatu, kisha upate majani matupu.

Na hata baada ya kupozwa, usilipande juani. Tafuta kivuli na sehemu yenye ubaridi, maana joto kali huliharibu ua upesi.