Mwanao na kamati ya kongamano la uchumi: Mwache aende, lakini muulize haya

Mwanao amerudi likizoni kutoka chuo kikuu. Kabla hajamaliza chai, anakuarifu kwamba amejiunga na kamati ya wanafunzi inayoandaa kongamano la uchumi. Unamtazama tu. Unajua ulivyoitafuta karo, unajua mkopo wa HELB utalipwa na nani, na neno "kamati" katika nchi hii limezoeleka kuandamana na posho au na fujo. Swali linalokujia mdomoni ni moja: kazi hiyo inalipa ngapi?

Hailipi hata ndururu. Isitoshe, itamlia Jumamosi zake, na asipochunga, itamlia alama pia. Hata hivyo, mzazi mwenzangu, usimkataze kabla hujajua ni kazi gani hasa.

Kongamano la aina hii ni mkutano wa siku moja au mbili ambapo wanafunzi wa shahada ya kwanza husoma makala za utafiti wao mbele ya wenzao na wahadhiri, wakaulizwa maswali na kujibu. Ng'ambo jambo hili si geni. Katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, wanafunzi wenyewe huandaa kila mwaka mkutano mkubwa wa uchumi, na kule Georgetown, Marekani, wanafunzi walianzisha kongamano lao liitwalo Carroll Round mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wahadhiri husaidia kwa ushauri, lakini mzigo wenyewe hubebwa na vijana wa miaka ishirini na kitu.

Je, jambo hili lina nafasi gani huku kwetu mlimani? Kumbuka kwamba katika miaka ya tisini mtoto wa Tetu au Mathira aliyetaka shahada ya chuo kikuu cha umma alipanda gari kwenda Nairobi, Njoro au Eldoret. Leo mambo yamegeuka. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo Nyeri, kilipata hati yake mwaka wa 2012. Chuka, Karatina na Meru vikafuata mwaka wa 2013, kisha Embu, Kirinyaga na Murang'a mwaka wa 2016. Mlima umezungukwa na vyuo vikuu, lakini wanafunzi wa chuo kimoja aghalabu hawajui wenzao wa chuo jirani wanasoma nini. Hukutana kwenye mpira, basi. Kongamano ni njia ya kuwakutanisha kwa jambo jingine.

Tena usidhani kazi ya kamati ni ngeni kwako. Umekaa katika kamati ya harusi, ya mazishi, ya karo ya mtoto wa jirani. Mama zetu waliendesha ngwatio, ile kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, na hapakuwa na mtu aliyekula zamu ya mwenzake akasalimika mdomoni mwa wanakijiji. Chuo hicho cha Kimathi chenyewe kilianza kama taasisi ya ufundi iliyojengwa kwa harambee katika miaka ya sabini. Kuna watu waliokaa chini wakahesabu mifuko ya simiti kabla mwanao hajazaliwa.

Sasa tufungue daftari la mweka hazina, kwa sababu hapo ndipo kijana anapokutana na uchumi ana kwa ana. Tuseme kamati inatarajia watu 120, wakiwemo wanafunzi 100 watakaolipa kiingilio na wageni 20 wasiolipa. Chai na mandazi ni shilingi 100 kwa kila mtu, yaani 12,000. Chakula cha mchana, wali na kuku, ni shilingi 350 kwa kila mtu, yaani 42,000. Uchapishaji wa programu, vyeti na mabango, 18,000. Nauli na malazi ya wasemaji wawili kutoka Nairobi, 20,000. Jumla ni shilingi 92,000. Kila mwanafunzi akilipa 300, zitaingia 30,000. Pengo ni 62,000.

Mwanakamati mmoja atasema, na atasema kwa kujiamini sana, kwamba kiingilio kipandishwe hadi 600. Haya, tumfuate. Tuseme wanafunzi 40 wanashindwa kulipa na kukaa mabwenini. Waliobaki 60 wanatoa 36,000. Gharama ya chai na chakula kwa watu 80 inashuka hadi 36,000, uchapishaji na wasemaji wanabaki pale pale kwa 38,000, jumla 74,000. Pengo sasa ni 38,000. Kwenye karatasi, huyu bwana ameshinda: ameokoa shilingi 24,000.

Lakini ni akina nani hao 40 waliokaa bwenini? Si watoto wa wenye maduka mjini Nyeri. Ni wale wanaoishi kwa mkopo na kwa shilingi mia mbili tatu anazotuma mama kwa simu baada ya kuuza maziwa. Yaani kongamano la kujadili umaskini limewafungia nje maskini, na hesabu zikatoka safi.

Hebu sasa mwanakamati mwingine, pengine msichana aliyelelewa jikoni, apendekeze jambo jingine: kiingilio kibaki 300, lakini wali na kuku watoke, iingie githeri iliyokaangwa vizuri na kabeji, kwa shilingi 150 kila sahani. Watu 120 mara shilingi 200 zilizopunguzwa ni 24,000. Pengo linashuka kutoka 62,000 hadi 38,000. Ni kiasi kile kile! Tofauti ni kwamba ukumbi umejaa. Mhadhiri anaweza kufundisha muhula mzima juu ya jinsi wanunuzi wanavyopungua bei ikipanda, na wanafunzi wakaandika na kusahau. Aliyekaa katika kikao hicho hatasahau, maana aliona majina ya watu yakikatwa na kurudishwa.

Zile 38,000 zilizobaki zitatoka wapi? Hapa ndipo ninapokuomba umuulize mwanao maswali makali. Kamati itabisha milango: ofisi ya mkuu wa kitivo, vyama vya akiba na mikopo ambavyo vimejaa katika miji yetu, viwanda vya majani chai, wenye hoteli. Hao wakitoa, watataka jina lao libandikwe ukutani, na si vibaya. Shida huja pale mheshimiwa fulani anapojitolea kulipa kila kitu. Mheshimiwa akitoa shilingi laki moja ataomba dakika kumi za kuwasalimu vijana. Atachukua arobaini, nusu yake akizungumzia mahasimu wake, na yule mwanafunzi wa Chuka aliyeamka saa tisa usiku kusafiri kupitia Embu ili asome makala yake ataambiwa muda umekwisha. Mimi ningechagua githeri bila kuku, hata bila kabeji, kuliko laki hiyo.

Kisha muulize pesa zinaingia wapi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, kukusanya michango kumekuwa rahisi mno, na urahisi huo ndio mtego. Vijana hutangaza nambari ya simu ya mweka hazina na kila mtu anatuma huko. Hata mweka hazina akiwa mwaminifu kiasi gani, pesa za kongamano zinachanganyika na zake za mkate, na siku simu ikiibiwa katika matatu hakuna wa kumwamini. Pesa zipitie akaunti ya chama cha wanafunzi au ofisi ya fedha ya chuo, pawe na watu wawili wa kuweka sahihi, na mhadhiri mlezi aone daftari kila mwezi. Mwanao akikuambia kwamba mwenyekiti hataki mambo ya risiti kwa sababu "sisi ni marafiki", mwambie atoke katika kamati hiyo siku hiyo hiyo. Jina likishachafuka kwa pesa za watu, husafishika kwa shida, na miji yetu ni midogo.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana sana, nayo ni kuchagua makala. Kamati hutoa mwito, wanafunzi hutuma muhtasari wa ukurasa mmoja, na kikundi kidogo husoma na kupima. Kamati zenye akili huondoa majina ya waandishi na ya vyuo kabla ya kusoma, ili asipendelewe rafiki wala chuo chenye sifa. Siku hizi, ambapo programu za akili mnemba zinaweza kumwandikia mtu kurasa kumi kabla chai haijapoa, msomaji inambidi awe na jicho zaidi. Aulize takwimu zilitoka wapi. Kama ni katika ripoti ya uchumi ambayo Shirika la Kitaifa la Takwimu hutoa kila mwaka, ukurasa gani? Kama ni kutoka kwa wakulima, ni wakulima wangapi, na mwandishi alienda lini? Kijana aliyesoma mihtasari hamsini kwa njia hii hatadanganywa kwa urahisi na gazeti, na hata na mimi.

Mada je? Hapa kamati za mlimani zina utajiri ambao wengine hawana, lakini mara nyingi vijana hukimbilia mada za mbali zenye majina marefu. Chukua kahawa. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilizalisha karibu tani 130,000. Mwaka wa 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ukavunjika, bei zikaporomoka, na tangu hapo mazao yameshuka hadi miaka ya karibuni yakawa kama tani 50,000. Mzee wa Othaya au Kirinyaga aliyeng'oa mibuni yake ana maelezo yake kuhusu jambo hilo, na hayafanani na ya vitabuni. Bei ya mnada jijini Nairobi hutajwa kwa dola kwa gunia la kilo 50. Mkulima hulipwa kwa shilingi kwa kilo ya matunda mabichi, tena miezi kadhaa baadaye, na inahitaji kilo sita au saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa iliyokobolewa. Katikati ya bei hizo mbili wamo chama cha ushirika, mkobozi, dalali na benki. Nani anabaki na nini? Hilo ni kongamano zima.

Au chukua Karatina. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kuwalisha wanajeshi. Wakulima wakalima kwa bidii, vita vikaisha, kiwanda kikafungwa. Leo soko la Karatina limejaa viazi, kabeji na karoti, na mama muuzaji bado anashuka bei jioni kwa kuogopa kuoza. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini hatuna viwanda vya kutosha vya kuhifadhi mboga ana mahali pa kuanzia karibu na bweni lake.

Na wakulima hao waalikwe, si kutajwa tu. Wapewe kikao kizima, kwa Kiswahili au kwa Gikuyu, na kila mwanafunzi aliyeandika juu ya kahawa aeleze makala yake kwa dakika tano bila neno la Kiingereza. Wengi watatoka jasho. Mkulima mmoja akisimama na stakabadhi zake za malipo mkononi, pengine nusu ya makala itabidi iandikwe upya, na mhadhiri atafurahi zaidi ya mwandishi.

Wapo watakaokuambia kwamba shughuli hizi humpotezea mtoto masomo. Wakumbushe Mwai Kibaki, aliyezaliwa Gatuyaini, Othaya, mwaka wa 1931. Alipokuwa Makerere alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha wanafunzi, na bado mwaka wa 1955 alihitimu kwa daraja la kwanza katika uchumi. Akaenda kusoma zaidi London, akarudi Makerere kufundisha, akawa Waziri wa Fedha tangu 1969 hadi mapema miaka ya themanini, na Rais kuanzia 2002 hadi 2013. Sisemi kamati ilimfikisha Ikulu. Nasema alama na kamati viliwahi kukaa katika kichwa kimoja, na kichwa hicho kilitoka hapo juu tu Othaya.

Hata hivyo si kila mtoto ana nafasi hiyo. Aliye na somo la kurudia, au anayefanya kibarua jioni ili ale, asijifunge na cheo cha mwenyekiti au mweka hazina. Achukue kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho: kusoma mihtasari, kupokea wageni katika stendi, kuandika kumbukumbu za vikao. Na kamati ipange tarehe mbali na mitihani. Maandalizi huchukua miezi mitano au sita, kwa hivyo mkutano wa Machi huanza kuzungumzwa Septemba, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wakati matangazo ya kutafuta wanakamati yanapobandikwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye anayefaa kuliko wote, maana wa mwaka wa nne akiondoka huondoka na kila alichojua.

Ndiyo maana muulize mwanao swali moja la mwisho: faili liko wapi? Kila kamati iache faili, lenye bajeti na matumizi halisi yakiwa yamewekwa bega kwa bega, risiti, makala zote, barua za wadhamini waliokubali na waliokataa, majina ya wakulima waliofika na vijiji vyao, bei ya githeri na jina la aliyeipika. Likabidhiwe kamati mpya kwa sahihi, kabla ya wanaomaliza kufunga mizigo yao.