"Kutia Nanga" na "Kufunga Gati"

Baadhi ya wafasiri hutumia istilahi hizi kana kwamba maana yake ni moja. Sivyo. Chombo hutia nanga kinapoteremsha nanga na kusimama majini. Hufunga gati kinapofungwa kwa kamba gatini, abiria wakaweza kushuka. Wakati wa Kusi tofauti hiyo huwa kubwa: meli yaweza kuvuka salama kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, lakini mawimbi yakatishia kuipigiza gatini, ikalazimika kutia nanga nje na kungoja. Baada ya maafa ya MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe katika bahari iliyochafuka tarehe 18 Julai, 2012, jamaa angojaye bandarini hastahili kupewa tangazo lenye utata.