Mmasai Ofisini? Kwani Vipi?

Hebu tazama ofisini kwako. Mmasai yupo? Naam, getini, na rungu lake! Mhasibu je? Afisa masoko?

Nainokanoka, kule nyanda za juu za Ngorongoro, watalii hupita kwenda kreta ya Olmoti kuona maporomoko ya mto Munge. Kijana wa pale akiomba kazi ya mezani, wengi wetu tunamwona mlinzi au mcheza ngoma hata kabla ya kufungua vyeti vyake. Akiwa msichana, anaongezewa swali: "Umeolewa? Unategemea kuzaa lini?"

Jamani, sheria ilishasema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi au mwombaji kazi kwa kabila, mahali alikotoka, jinsia, ndoa, ujauzito au ulemavu. Mama ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua pacha. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwapa wenye ulemavu wenye sifa asilimia 3 ya nafasi.

Mimi naona mzigo ni wetu, sisi tunaofanya usaili. Waulize waombaji wote maswali yaleyale. La ndoa lifute kabisa. Tangazo likitaka "mwenye mwonekano mzuri", uliza: kwa kazi ipi hasa?

Na mwenzi wako mweleze pia, pengine bosi ni yeye.

Halafu yule kaka wa getini, umewahi kumuuliza kasomea nini?