Bata, Pata au Mbata: Nani Ataisoma Miswada Yetu?

Chukua herufi mbili za Kiarabu, ba na ta, uzitie fat-ha. Mtu wa pwani aliyesoma chuoni anaweza kuzitamka bata, au pata, au hata mbata, ile nazi iliyokauka. Maandishi ni yale yale. Ndivyo ilivyoandikwa miswada yetu mingi ya kale: ba moja ilibeba b, p na mb, kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Mwandishi hakuona tabu, kwa kuwa msomaji wake alikuwa ameshausikia utenzi ukighaniwa tangu utotoni, na vina na mizani vilimwonyesha njia.

Naanzia hapo kwa sababu chama cha kuhifadhi urithi wa fasihi kikiingia mjini na kamera zake, hudhani kazi kubwa ni kupiga picha. Kumbe kazi kubwa ni kusoma, na wasomaji aghalabu hawamo chamani. Wako madrasa, kwenye vikundi vya maulidi, vilabu vya taarabu, na zaidi majumbani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyekuwa akimuusia binti yake, Mwana Hashima, umeishi vifuani mwa wanawake kama ulivyoishi kwenye karatasi. Anayetaka kushirikiana na "jamii" halafu akaishia kwa maofisa na wazee wa baraza, amewapita walezi wenyewe wa utenzi huo.

Sasa tuje Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija. Vitabu kadhaa vya hati ya mkono vilivyohifadhiwa pale ni wakfu. Kwa desturi ya wakfu, mwenye kitabu huandika kwenye kurasa za mwanzo kwamba amekitoa kwa ajili ya wanaosoma, kisiuzwe wala kisirithiwe. Kwa hiyo anayekaa na ufunguo wa kabati si mmiliki, ni msimamizi tu. Ukimwomba akuazime kitabu ukakipigie picha Nairobi, unamtaka avunje sharti la marehemu. Hawezi. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu, hatakwambia hapana; atakwambia inshallah, pita mwezi ujao. Afisa wa mradi naye ataandika kwenye ripoti yake kwamba jamii haijahamasika!

Dawa yake ni kamera kukifuata kitabu. Miswada ya Riyadha ilipigwa picha chini ya Endangered Archives Programme, mpango unaosimamiwa na British Library tangu mwaka 2004. Sharti lake mojawapo ni kwamba nakala asili zisitoke nchini, na picha zibaki kwa wenyeji pamoja na zile zinazowekwa London. Sharti hilo linafanana na wakfu kuliko wengi wanavyodhani, na nafikiri linapoelezwa kwa lugha ya wakfu hueleweka kwa dakika tano.

Haikuwa hivyo zamani. Katika miaka ya 1880 mmisionari W. E. Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji huko Mombasa, zaidi ya miaka 40 baada ya mshairi huyo kufariki. Aliyemwezesha ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyaandika mashairi na kumfafanulia lipi lilitungwa kwa kisa gani. Karatasi zikaishia SOAS, London. Diwani ilipochapishwa mwaka 1940, chini ya uhariri wa William Hichens, ilichapishwa Johannesburg. Simlaumu Taylor kwa kukusanya, maana bila yeye huenda mengi yangeliwa na mchwa. Lakini angalia nani alibeba mzigo wa maana: bila Sikujua, Taylor angekuwa na rundo la bata na mbata.

Ndiyo maana nikiulizwa na chama chochote kiandike nini kwenye hati ya makubaliano, nembo na mabango huwa siyataji. Nauliza kwanza msomaji wa khati analipwa kama nani. Miradi mingi humpa posho ya mhudhuriaji wa semina, ilhali aliyepiga picha analipwa kama mtaalamu. Kisha jina lake likae wapi: kwenye jalada, au kwenye shukrani, katikati ya dereva na mpishi? Diski ya picha nayo ina mambo yake. Ikifungiwa ofisini, mwanafunzi wa madrasa jirani atalazimika kukitazama kitabu cha babu yake kupitia tovuti ya ng'ambo, akiwa na bando.

Halafu kalenda. Usiitishe kikao Lamu wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita ukitarajia wenyeji wakae nawe mezani. Wana wageni wa pwani nzima wa kuwalisha. Nenda wiki mbili baadaye. Acha kompyuta hotelini, chukua ukurasa mmoja uliochapishwa kwa herufi kubwa, pamoja na tafsiri ya khati mliyoifanya nyinyi, umpelekee mghani mzee. Atasoma beti mbili, atasita, kisha atauliza ni nani aliyeandika "pata" hapa. Mpe kalamu.