Mashini inajirekebisha, lakini nani anaweka kiwango?

Hapa Mapendo kila mtu anajua mashini inayojiongoza, hata kama hajaisomea. Angalia tanki la maji kwenye nyumba. Ndani iko boya, lile mafundi wanaita floteri. Maji yakishuka, boya linashuka nayo na kufungua robine. Maji yakipanda, linapanda na kuifunga. Hakuna mtu anakaa pale kuchunga.

Elimu yote imeanzia hapo, na iko na vitu vine: kiwango tunachotaka, jicho la kupima, akili ya kulinganisha, na mkono wa kutenda. Pima, linganisha, rekebisha, kisha pima tena. Huo ni mzunguko uliofungwa. Mbabula ni mzunguko wazi: makala ikishashika, inawaka tu, haijui kama maharagi yameiva ao yanaungua. Mama akinusa na kupunguza makala, yeye ndiye anafunga mzunguko.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Kwenye mto Rutshuru, santrali ya Matebe inafanya kazi tangu mwisho wa 2015. Turbini ya umeme lazima izunguke kwa mwendo uleule ili umeme ubaki kwenye hertzi 50. Jioni watu wengi wanawasha, mzigo unaongezeka, turbini inataka kulegea. Kirekebishaji kinaona mwendo umepungua, kinafungulia maji zaidi. Usiku watu wakizima, kinayapunguza. Wazo hili si la leo: mwaka 1788 James Watt alifunga mipira miwili ya chuma kwenye mashini ya mvuke. Mbio zikizidi, mipira inatanuka na kupunguza mvuke.

Lakini kurekebisha kwa pupa ni hatari. Mtu wa chukudu akikata kona kwa nguvu kupita kiasi, inayumba upande wa pili. Anairudisha tena kwa nguvu, na mwishowe mzigo uko chini. Mashini pia inayumba hivyo, zaidi kama jicho linachelewa kuleta habari. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu wakati gani mashini itatulia na wakati gani itayumba.

Sasa tuje kwetu, watu wa migodi. Katika mashimo mengi ya wachimbaji wadogo, mota inapuliza hewa chini kwa bomba. Mota inanguruma, kila mtu anaridhika. Lakini hakuna kinachopima hewa pale chini: ni mbabula tu. Na sisi wa Goma tunajua mazuku, ile gesi ya kaboni nzito kuliko hewa, inayolala kwenye mabonde na kuua bila kunuka. Pua si kipimo.

Hewa ya kawaida iko na oksijeni karibu 21 kwa 100. Vipimo vingi vya mgodini vinapangwa kulia ikishuka chini ya 19.5. Vikiunganishwa vizuri, vinaongeza upepo vyenyewe na kupiga king'ora.

Hata hivyo, mashini haichagui kiwango. Mtu ndiye anakiweka, na mtu anaweza kukishusha. Katika mgodi mmoja nilimofanya kazi, king'ora kililia mara nyingi, kapita akakata waya juu kazi isisimame. Siku ile mashini ilibaki na mkono bila jicho, na sisi tulikuwa chini.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tusishangilie tu mashini mpya ikifika. Tuulize: Kiwango ni ngapi? Nani anashika ufunguo wa kukibadilisha? Kipimo kilijaribiwa siku gani? Majibu yaandikwe ubaoni, kwenye mlango wa shimo, kwa Kiswahili, ili kila anayeshuka ayasome. Na mtu yeyote akikata waya wa king'ora, kazi isimame mpaka urudishwe. Sendika ikipata hayo, wafanyakazi wenyewe watakuwa ndani ya mzunguko, si nje yake.