Aangukaye Mkarafuuni

Tagaa la mkarafuu huvunjika ghafula, na mchumaji akiangukia miguu au makalio, uzito wote huushukia mgongo. Pingili moja, mara nyingi ya mwisho ya kifua au ya kwanza ya kiuno, hupasuka kwa kusagwa, na vipande vyake huweza kurudi nyuma kwenye njia ya mishipa ya fahamu.

Wengi wetu twadhani kila aliyevunjika hivyo sharti apasuliwe. Sivyo. Ikiwa miguu yachezeka na ina hisi, mkojo watoka kama desturi, na kano zifungazo pingili hazikukatika, daktari huweza kumtibu bila ya kisu. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 haukuona upasuaji kuwazidishia faida kubwa watu wa namna hiyo.

Miguu ikilegea ni jambo jingine. Mara nyingi hupasuliwa mgongoni: skurubu hutiwa katika pingili za juu na chini ya iliyovunjika, zikaungwa kwa fito mbili za chuma, na mfupa ubanao mishipa huondolewa. Au hupasuliwa ubavuni, pingili iliyosagika itolewe na pawekwe kizimba kidogo cha chuma. Kazi hii ni kubwa zaidi.

Lakini shambani tusimwinue kwa makwapa, tusimkalishe anywe maji, wala asikandwe. Kipande kikisogea, aliyekuwa akichezesha miguu huweza kupooza. Watu wanne au watano wamwinue pamoja, kichwa na mgongo mstari mmoja, alazwe juu ya ubao wa mlango, apelekwe hospitali.