Barobaro na Usukani

Wapo wanaoshikilia kwamba ujana wa miaka kumi na kitu ni jambo la kuletwa, kwamba zamani mtoto wa pwani alilala mtoto akaamka mtu mzima. Lugha yenyewe inawakanusha. Kiswahili kina kigori, mwari na barobaro, na watu hawaipi jina hatua wasiyoiona. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha mnamo 1858, alimwona kuwa mtu wa kufunzwa bado, ingawa mambo anayomfunza ni ya mke na nyumba.

Tazama mlango wa bahari kati ya Shela, kisiwani Lamu, na Ras Kitau, kisiwani Manda. Mashua inapoinama kwa upepo, barobaro hupanda ubao uliotokeza nje ili uzito wake uisawazishe. Kazi ni ya kweli, tena akiteleza anaangukia majini. Lakini usukani anao nahodha. Atauliza mtu: kama kazi hiyo anaiweza, kwa nini asioe, asiache shule? Kwa sababu mwili hutangulia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na kijana akitazamwa na wenzake huthubutu zaidi. Hapo ndipo ninapoiunga mkono kwa moyo wote Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, iliyoweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa ndoa: haimnyimi kijana kazi wala heshima, inamwachia muda wa kujifunza huku mkubwa yuko karibu.